Wimbo Mtamu wa Mama Almaz

Jumanne, Rosettenville

Bado mwili unanisisimka.

Leo saluni nilikuwa namsuka Mama Almaz, yule Mhabeshi aliyejifunza Kiswahili Nairobi, akaanza kuimba polepole. Wimbo mtamu! Nikamuuliza kama ni wa kanisani.

Akacheka. "Wa shule, binti yangu. Enzi za Wakomunisti kwetu. Kila asubuhi tulimsifu kiongozi."

Kisha, kama mtu anayeuliza bei ya nyanya: "Hata siku waliyomchukua kaka yangu niliimba. Niliimba kuliko wote, mwalimu asije akadhani nina huzuni."

Nikaendelea kusuka. Kaka yake hakurudi. Na wimbo bado anaupenda!

Eish.

Jioni nilikuwa naosha sahani, mwanangu akaniuliza, "Mama, huo wimbo mtamu umeutoa wapi?"