Mustari Mama Kavira Ameacha Bila Mbegu

Kahindo, mupwa wangu, kamama kangu kadogo,

Mama yako Masika alinisikilizisha sauti yako mu telefone. Alikuwa amekaa ku mulango ya jikoni, nachambua majani ya sombe, na weye uko nasema kutoka kule Bulaya: "Mama, teze naiacha. Kitabu ya kumaliza masomo niko naiandika juu ya pahali haiko tena." Dada yangu akazima telefone, akaniangalia kama vile mimi njo nilivunja kitu. Akasema, "Kambale, weye uko na maneno mingi. Muandikie."

Njo naandika. Bahasha sikutia. Mama yako ataipiga picha akutumie, na mutu akiisoma njiani, asome. Hata ikifika ku masikio ya Mama Kavira, atanitukana tu, na matusi yake nimeshazoea.

Unanijua, mimi si mutu wa masomo ya mingi. Niliishia ku primere, na hiyo pia ni juu mwalimu aliniita pembeni akaniambia: "Kambale, enda kwenu, utamaliza masomo yote na benzako babaki bila kitu." Mama yako anasema nilifukuzwa. Mama yako hakukuwa mu ile klase.

Lakini juu ya teze yako niko na haki ya kusema, juu mimi njo nilikubeba ku pikipiki yangu, ile tunaitaka moto.

Unakumbuka asubuhi tulitoka Butembo? Ukungu ilikuwa imelala mu mikaratusi, umevaa triko mbili za baridi, na karatasi zako za maswali umezifunga mu plastiki kama mutoto muchanga. Kufika Beni ulikuwa umevua triko zote mbili, jasho na vumbi nyekundu mu uso. Nikakuonyesha fasi milima ya Ruwenzori inasimamaka, nikakuambia vile nilipanda kule na hii hii pikipiki, mpaka karbirateri ya injini ikashika barafu, nikaitoa, nikaipasha moto mu kwapa yangu, tukaendelea.

Ukauliza, "Mujomba, ulipita njia gani?"

"Njia ya moto."

Ulicheka mpaka ukanishika mu mabega. Ile kucheka yako niko nayo mpaka leo.

Tukapita Mbau, tukaacha barabara kubwa, tukaingia mu mashamba ya kakao, mpaka ku kale kakijiji na kanisa yake ya mabati. Weye ulikuwa natafuta mbegu za zamani za maharagi, zile bamama banaachiana toka bibi mpaka mujukuu. Ulitaka kujua kila mbegu ilitoka kwa nani, ilipewa siku gani ya maisha, na juu ya nini ingine inabaki na ingine inapotea. Nilikuuliza, "Kwa hiyo tu, batu banakaa miaka mu iniversite?" Ukajibu, "Mujomba, kama hakuna mutu anauliza, itakuwa kama haikukuwako." Mimi nikapunguza mwendo ya moto, nikusikie vizuri.

Ile siku ya kwanza! Nyumba kwa nyumba, weye na kalamu yako, adabu mingi: "Mama, shikamoo. Muko na aina gani ya maharagi?"

"Maharagi? Hatuna."

Nyumba ingine: "Eh, mutoto wangu, hata moja."

Nyumba ingine: "Tunakula majani tu, vile unatuona."

Na harufu ya maharagi iko natoka ku kila jikoni! Sufuria zinaimba kabisa! Lakini ulikuja na karatasi na kalamu, na kule kwetu mutu wa karatasi na kalamu ni mutu wa msaada. Anaandika mwenye hana, kisha anarudi na kamio imejaa chakula. Mwenye kusema iko nayo, jina yake inabaki nje. Basi kila mama alificha mbegu chini ya kitanda, akakuonyesha mikono mitupu. Baliona banakupa jibu yenye unatafuta, na benyewe banapata msaada.

Tulivyorudi jioni kulala kwa katekista, ulikuwa nyuma yangu ku moto, nikasikia maji mu shingo. Nikasema, "Mvua hiyo." Ukasema, "Ndiyo, mvua." Mbingu ilikuwa safi kama sahani.

Siku ya pili ilikuwa siku ya Mungu. Kisha misa bamama bakakaa pembeni ya kanisa, na weye ukasimama mbele yao, ukafasiria vizuri sana kwamba unatafuta maarifa, kwamba hauko wa shirika yoyote. Bakakuitikia na kichwa. Bakakuhurumia. Mbegu hakuna.

Njo nikasimama. Nikasema, "Mupwa wangu, twende zetu Butembo. Nilikuambia huku hawajui maharagi. Maharagi iko kwetu Lubero! Maharagi ya mama yangu, marehemu, inaivaka na harufu ya moto tu. Siku moja mbegu ilianguka nyuma ya nyumba. Kufika asubuhi imeshapanda, imebeba mulango ya mbuzi mpaka juu ya paa, mbuzi zote mu njia."

Kisha mama moja mufupi, kitambaa ya kijani ku kichwa, akasema bila kuniangalia: "Na hiyo tumbo, njo maharagi ya mama yako iliiotesha?"

Huyo alikuwa Mama Kavira. Kanisa yote ikacheka. Mimi nikaendelea: "Mama, cheka tu. Ya kwenu si hata ya kulisha kuku."

"Ya kwetu?" Akasimama. "Weye muzee wa Butembo, jembe unashikaka kama kijiko, utaniambia mimi maharagi? Ngojea hapo. Usitoroke."

Akaenda mbio. Mwingine akamufuata. Mwingine tena. Weye ulinifinya mukono, ukaniambia polepole, "Mujomba, endelea." Mupwa wangu, mu maisha yangu yote batu bananiambiaka nyamaza. Weye peke yako uliniambia endelea.

Bakarudi na visahani, na mafundo ya kitenge, na chupa. Maharagi nyeusi ya kung'aa. Nyekundu ya michoro. Ndogo nyeupe kama meno ya mutoto. Mama Kavira akanisogezea chini ya pua ile yake ya manjano, yenye jicho nyeusi: "Hii mama mukwe alinipa siku nilizaa kifungua tumbo. Alinipa mukono kwa mukono, akaniambia sasa uko mutu wa hii nyumba. Lubero yenu iko na hii?" Mimi nikasema Lubero tuko na kubwa kupita hiyo, na mwingine akarukia juu, akaonyesha yake. Weye umekaa chini mu vumbi na robe yako, ile nguo ya misa, uko naandika, na machozi ingine tena, lakini hiyo sikuita mvua.

Ile jioni ulisema: "Mujomba, karatasi yangu ya maswali, profesere tatu baliisahihisha. Haikukuwa na kitu kama weye." Niliambia Butembo yote. Niliongeza kidogo, ndiyo. Nilisema iniversite iliomba nifundishe.

Kisha bamama bakakupa, kila moja, mukono imejaa mbegu. Ukazitia mu bahasha ndogo ndogo, na jina ya mama na jina ya mbegu juu yake. Ukaenda nazo.

Yenye ilifuata, unaijua. Bale batu banakuja na panga na bunduki bakakaribia, kijiji ikatoka yote. Kakao ilibaki ku miti, ikaoza. Kanisa ya mabati imefungwa. Bamama bengine nilikuja kubaona huku Butembo. Bengine sikubaona tena, na sikuuliza, juu kama hauulizi, unaweza kusema bako mu mji ya Oicha, bako kwa ndugu, bako fasi fulani. Basi pahali haiko tena, vile ulisema. Sitakudanganya juu ya hiyo.

Lakini juzi nilikuwa napita ku mulima huku pembeni ya Butembo, fasi familia moja imeazimisha bale balikimbia shamba yake. Nikasikia sauti: "Ee, tajiri wa maharagi!"

Mama Kavira. Amekonda, kitambaa ya kijani njo ileile. Ameshika jembe. Kabla ya kuniuliza hata habari ya muke wangu, akauliza, "Mutoto wetu wa iniversite, alimaliza?"

Kahindo, ungefanya nini? Nikasema: "Alimaliza! Ile siku ya kutetea teze yake, baprofesere balisimama bote. Moja alilia. Alikuwa naomba kuonja maharagi."

"Na jina yangu iko ndani?"

"Ku ukurasa wa kwanza. Kubwa kubwa."

Hakucheka. Nilikuwa nangojea tusi, haikuja. Akaniambia siku ya kukimbia alikamata mujukuu, sufuria, na fundo moja tu ya mbegu, nyekundu. Ya manjano yenye jicho, ya mama mukwe, ilibaki mu chupa juu ya ukuta. Ameitafuta soko yote ya Butembo, ameuliza batu ba Beni, hakuna mwenye iko nayo. "Lakini mutoto wetu alibeba," akasema. "Aliandika jina. Niliona na macho yangu. Muambie anirudishie mukono moja tu, kabla mvua ianze."

Nikasema, "Mama, iko njiani."

Sijui kama ile bahasha ingali mu frigo ya baridi ya iniversite yenu. Sijui mbegu inaweza kulala muda gani na ikaamuka. Hapo mimi na bongo zangu hatufiki. Hiyo ni masomo yako, weye njo unajua vile zinachungwa, na vile zinaamushwa. Mimi niliweza tu kuzitoa chini ya kitanda.

Unasema kitabu ni ya pahali haiko tena. Mimi naona, si kitabu ya pahali. Ni ya ile mukono kwa mukono. Mama mukwe alimupa Kavira, Kavira akakupa weye. Sasa iko kwako, na mwenye kuwa nayo hawezi kusema naacha. Maliza teze, mama. Andika jina yao bote, bale bako na bale sikuuliza. Na ile bahasha, ifungue, uangalie.

Jana nilirudi kule ku mulima. Nilitaka kumuambia kweli, nakuapia. Nikakuta amelima shamba yote, amepanda nyekundu mustari kwa mustari, na katikati ameacha mustari moja bure, udongo laini, ametoa hata majani madogo. Mujukuu wake akapita na ndoo akaniambia, "Usikanyage hapo, muzee. Ni ya manjano."

Nikazunguka. Ile kweli nikarudi nayo nyumbani.

Kahindo, ile mulango ya mbuzi, ile barafu ya karbirateri, ile klase yangu, ziache vile ziko, ni za kucheka. Hii moja ya Mama Kavira, nisaidie iwe kweli.

Baridi ya kule uiambie baridi ya Lubero njo dada yake mukubwa, ikuheshimu.

Ni mimi, ndugu ya mama yako, yule ulimuambia aendelee,
Mujomba Kambale