Kulwa Hapunguziwi Tena

Jumatatu, 3 Machi
Vitumbua vimeungua tena. Masanja kavila vyote, anasema anapenda weusi wake. Mume wangu! Nikiliandika neno hilo masikio yanapata moto. Kila ndege ikishuka uwanja wa hapa Ibadakuli ananibusu. Namshukuru rubani.
Alhamisi jaji anatoa uamuzi. Pacha wangu Kulwa atapunguziwa kifungo. Lazima. Maganga, ambaye Kulwa alimkata panga mguuni wakigombea shimo la dhahabu Mwakitolyo, amepona na amemsamehe. Baba alimpelekea ng'ombe, akapokea. Harusini kwetu alicheza kuliko wote.
Nimemnunulia Kulwa sahani, ya kulia kwetu akitoka.

Alhamisi, 6 Machi
Nawachukia. Jaji, karani, hata feni yao.
Eti ombi la kupunguziwa adhabu walishalisikiliza mwaka jana, wakalikataa, wamemaliza. Mahakama haiwezi kujirudia, labda hukumu iwe na kosa la wazi. Msamaha uliokuja baadaye si kosa. Dakika chache tu, tukatolewa nje.
"Aliyekatwa ni mimi, dada Doto," Maganga akaniambia pale nje. "Wao wanaumwa wapi?"

Ijumaa, 7 Machi
Masanja kaongea na wakili. Sasa najua.
Mwaka jana wakili alimsihi baba asubiri. Mguu upone, wapatane, ndipo waombe. Baba akakataa. Kwetu huwezi kumuaga pacha anayeolewa mwenzake hayupo, akasema. Kulwa sharti awepo siku ya kuniaga. Akakimbilia mahakamani wakati Maganga bado yuko kwenye magongo, anatulaani. Wakakataa. Nafasi yetu ikaishia hapo. Na Kulwa hakuwepo harusini.
Mahakama ya juu? Muda umepita. Kuomba kuongezewa kunataka sababu, na haraka ya baba si sababu.
Namchukia baba. Nimeandika na sifuti.

Jumapili, 9 Machi
Baba kaja. Nilimpa shikamoo bila kumtazama.
"Marahaba. Mbona umenuna kama nimekuibia?"
"Ungesubiri, baba."
"Nikuoze mwenzako yuko ndani?"
"Si ndivyo ulivyofanya?"
Kaacha chai, kaondoka. Masanja alinishika mkono. Nikautoa. Mara ya kwanza tangu tuoane. Nikalia kwa ajili ya hilo pia.

Jumatano, 12 Machi
Masanja kanipikia ugali. Mbichi katikati. Nampenda mpaka nakasirika. Nikicheka tu, namwona Kulwa kwenye foleni ya maharage. Nimemfokea jirani bure.

Jumapili, 16 Machi
Tumekwenda gerezani, mimi na baba. Kwenye basi nilikaa kiti cha mbali naye.
Nilimweleza Kulwa kila kitu. Akajikuna kichwa kilichonyolewa. Nilingoja amtukane baba. Nilitaka amtukane.
"Harusi ilikuwaje, baba?"
Baba akasimulia. Ngoma, mvua, Maganga kuangukia sufuria la pilau. Kulwa akacheka sana.
"Na kumuaga?"
"Nilimuaga nusu. Sauti ilikataa."
"Basi muage sasa. Mimi nipo."
Baba akavua kofia. Akaniaga upya, kwa Kisukuma, polepole, mkono wake kichwani pangu, Kulwa akiitikia upande wa pili wa waya. Askari alikuwa ameshasema muda umekwisha. Hakurudia.
Kurudi, baba alilala begani kwangu hadi stendi.
Jioni nimeiosha ile sahani, nimeiweka kabatini juu ya zetu. Masanja kasogea karibu. Ndege imeshuka.