Kura Moja Iliyomwangusha Mke Wangu

Mpendwa mshauri, naomba msaada, maana siri hii nimeibeba miezi saba na sasa inanielemea. Mimi ni fundi seremala na mke wangu alikuwa diwani wa kata yetu, watu humwita Mama Mabomba kwa sababu ya maji aliyotuletea, mara ya kwanza alipogombea alipata kura kumi na saba tukacheka mpaka machozi, mara ya pili alikosa kwa kura tisa, kisha akashinda vipindi viwili mfululizo, na kadiri kura zake zilivyoongezeka ndivyo nilivyozidi kula peke yangu. Uchaguzi uliopita niliingia kwenye kibanda cha kupigia kura, jua la asubuhi likipenya pazia, nikamwona kama ndotoni yule mke wangu wa kura kumi na saba, amekaa juu ya benchi langu la kazi, maranda yamemjaa nyweleni, ananisimulia mambo mpaka chai inapoa, na mkono wangu ukamwekea alama mpinzani wake, mwalimu mstaafu, nikidhani kura moja haibadili kitu.

Mshauri, alishindwa kwa kura moja.

Sasa yuko nyumbani kutwa, lakini hayupo. Anakaa dirishani na ramani ya mabomba mapajani, nikimsemesha anaitikia kwa mbali, kama mtu aliye ng'ambo ya mto. Anaamini aliyemsaliti ni kaka yake, kwa kuwa waligombania kiwanja cha urithi, na amemfungia mlango. Juzi shemeji alisimama nje akasema, "Dada, mimi nilikupigia wewe." Akajibiwa, "Nenda salama." Nami nilikuwapo, randa mkononi, nikanyamaza. Nifanyeje?

Seremala

Ndugu seremala, pole. Kula peke yako miaka yote hiyo si mzaha. Lakini mdomo ulikuwa nao, na mkeo alikuwa akirudi kulala. Ungemwambia yeye, si karatasi ya kura. Sheria haikudai uitoe siri yako. Shemeji yako, aliyebebeshwa mzigo usio wake, ndiye anayeidai.

Jumamosi hii asubuhi waketishe mkeo na kaka yake, useme ulichofanya. Usijitetee kwa mapenzi. Hata kama ni kweli, leo hayatamsaidia. Sema, kisha nyamaza, akasirike kadiri apendavyo. Akitaka kukaa kwa kaka yake kwa muda, mbebee sanduku mpaka mlangoni.

Na siku akikwambia anagombea tena, usimwombe afikirie upya. Mtengenezee jukwaa imara la kuhutubia, kisha ukae chini na wapiga kura wengine, umsikilize.