Makoloni Sita na Kitindamimba Wako

Doonside, Sydney,
Jumapili, 6 Machi 2022.

Mama yangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristu. Najua umeitikia, hata kama uko peke yako jikoni na hakuna wa kukusikia. Habari za Kibosho? Magoti bado yanakusumbua asubuhi, au ile dawa ya kuchua imesaidia? Yule ng'ombe mwekundu amezaa? Mimi na mkweo Raheli ni wazima wa mwili, tunamshukuru Mungu kwa hilo. Mvua imetunyeshea siku kumi bila kupumzika, nguo hazikauki, na nyumba nzima inanuka uvundo. Jumatano tulipokea majivu, lakini kwa sababu ya ugonjwa padre hakutugusa paji la uso. Alitunyunyizia utosini kama mtu anayetia chumvi mboga.

Barua hii anakuja nayo Bwana Mwadini, Mtanga ninayefanya naye kazi ghalani Mount Druitt. Anapanda ndege keshokutwa, na akifika Tanga ataituma kwa basi la Moshi. Ameniuliza kwa nini nisikupigie simu kama watu wote, akasema sisi Wachagga tunapenda sana makaratasi. Nikamjibu kwamba yapo maneno ambayo nikikuambia kwenye simu utalia, nami nitakata simu kabla ya kuyamaliza. Hakunitania tena. Vaa miwani uisome mwenyewe, polepole.

Jumapili iliyopita ulinitumia ujumbe wa sauti ukaniuliza jambo moja tu: mimi na Adam tulipatana kabla hajafa? Ulisema unataka kujua kabla ya misa ya kumwombea tarehe 19, kwa kuwa ukoo wote utakuwepo na wewe ndiye utakayesimama kuwaeleza jinsi wanao walivyoagana. Nimeusikiliza ujumbe huo mpaka Raheli akaninyang'anya simu. Nitakujibu, Mama. Ila nivumilie nianzie mbali, kwa maana unamfahamu mwanao: mwalimu wa historia akiulizwa habari za jana huanzia karne iliyopita, hasa akiwa hana jibu zuri.

Ugomvi wetu uliusikia kwa watu, na watu huongeza chumvi. Ngoja nikupe wenyewe. Ilikuwa Desemba 2019, Watanzania wa hapa tumekodi ukumbi kusherehekea Uhuru, na hotuba nimepewa mimi. Adam alisafiri kutoka Perth, saa tano angani, pamoja na Theresia na mtoto wao Hope, ili waje kunisikiliza tu. Nilihutubia vizuri, Mama, nilijipenda. Pilau lilipoanza kupakuliwa Adam akanivuta pembeni, akaniambia kwa furaha kwamba amekula kiapo, amekuwa raia wa Australia, na alitaka mimi niwe wa kwanza kujua. Nikarudi kwenye kipaza sauti. Nikawaambia watu kwamba sheria yetu haina uraia pacha, kwamba huyu mnayemwona hapa si Mtanzania tena, ni mgeni, na mgeni harithi kihamba, shamba la ukoo, kwa hiyo asijisumbue kwenda kukanyaga mahali alipolazwa baba yetu. Wengine walicheka wakidhani ni utani. Hope, aliyekuwa na miaka kumi na miwili, alimuuliza mama yake nimesema nini. Theresia hakumtafsiria.

Walikuwa wamefikia kwetu. Usiku huohuo walikusanya mizigo wakaenda hotelini, na katika haraka hiyo Adam aliacha kijitabu chake sebuleni, kile wanachopewa wanaojiandaa kwa mtihani wa uraia. Nilikitupa kabatini. Mwaka uliofuata, tulipofungiwa ndani, nilikitoa nikakisoma kwa kukosa la kufanya, kisha nikatafuta na vitabu vingine vya kunifafanulia. Adam alikuwa amepiga mistari ya penseli humo ndani kama mwanafunzi wa kidato cha pili.

Kumbe nchi hii nayo ilikuwa vipande. Makoloni sita yaliyoachana mbali, kila moja na gavana wake, stempu zake, ushuru wake na reli yenye upana wake. Mtu akitoka Sydney kwenda Melbourne alishushwa mpakani na kupandishwa treni nyingine kwa sababu reli hazikulingana, na mzigo wake ukapekuliwa na watu wa forodha, ilhali wote ni raia wa malkia mmoja. Walibishana katika mikutano karibu miaka kumi. Koloni la magharibi, huko Perth, lilisitasita kuliko yote. Lilikubali wakati katiba imekwisha kuandikwa, ndiyo maana jina lake halimo kwenye maneno ya mwanzo yanayowataja walioungana. Tarehe mosi Januari 1901, hapahapa Sydney, wakatangaza kwamba wao ni taifa moja. Hawakushusha bendera usiku wa manane kama sisi. Waliendelea kuwa watu wa malkia na huku wakijitegemea kidogo kidogo, hata huwezi kusema ni siku gani hasa walipata uhuru. Wenyeji wenye ardhi hawakuulizwa. Hapo Adam aliweka alama ya kuuliza, akaikoleza mara mbili. Na pale kwenye habari za kuungana aliandika kwa Kiswahili, kwa ule mwandiko wake uliolala: kumbe mtu anaweza kuwa viwili.

Ningekuwa nasahihisha daftari lake ningempa alama zote. Mimi niliyefundisha Uhuru na Muungano miaka kumi na minne sikuwahi kuliona jambo hilo kwa wepesi namna hiyo.

Halafu ugonjwa ulipokuja, yale makoloni yakafufuka. Kila mkuu wa jimbo alisimama kwenye televisheni akasema watu wangu, mpaka wangu. Katiba yao inasema watu wapite baina ya majimbo kwa uhuru kamili. Mahakama ikasema ugonjwa ni sababu ya kutosha kuwazuia. Magharibi walifunga kuliko wote, na wakajivunia. Sisi wa huku Doonside mwaka jana tulifungiwa hata ndani ya Sydney yenyewe: usivuke kilomita tano, saa tatu usiku uwe ndani, askari jeshi wakibisha hodi kuhakikisha mgonjwa yumo, huku watu wa upande wa baharini wanaota jua. Niliona uchungu mwingi. Nilikuwa nakueleza kila Jumapili kwenye simu, nawe ukawa unanihurumia.

Mwezi wa nane Theresia akapiga simu. Kiharusi kilimkamata Adam mgodini, akiwa ndani ya lori. Alikuwa amerudishwa Perth kwa ndege na hasemi. Nilijaza fomu za kuomba kuingia mara tatu. Jibu lilikuwa lilelile, mtu wa Sydney haingii. Alikaa siku kumi na moja. Theresia alimwekea simu sikioni nikaongea. Sijui alisikia nini. Mama, nilipata nafasi ile ya kusema chochote, na nikamweleza habari za ng'ombe wako. Nikasema amepandishwa dume la kisasa. Mdogo wangu anakufa, nami namweleza habari za dume.

Mazishi niliyatazama kwenye simu, nimeiegemeza kwenye kopo la sukari. Mtandao ulikatika padre alipoanza kubariki kaburi, na uliporudi watu walikuwa wanaelekea kwenye magari. Wewe ulilia kwamba mwanao amelala kwenye mchanga wa watu. Ukawalaani waliofunga mpaka, ukasema wamewanyima wanao nafasi ya kuagana. Nami nikakuitikia. Nilisema, ndiyo, Mama, ni mpaka.

Sasa nakujibu. Mkono ni mzito, lakini nikiacha leo sitaandika tena.

Mpaka haukufungwa wakati wote. Mwaka jana, kuanzia kama mwezi wa tatu mpaka mwezi wa sita, ulikuwa wazi kwa watu wa Sydney. Fomu ya dakika kumi kwenye simu, unakata tiketi, unakwenda. Mwanzoni mwa Mei ilifika bahasha kutoka Perth. Ndani yake kulikuwa na jani la sale, limefungwa fundo la kuombea msamaha kama ulivyotufundisha tukiwa wadogo. Mmea ule huku unauzwa kama pambo la sebule. Aliununua wapi na kuulea muda gani, sikujua. Pamoja na jani kulikuwa na kikaratasi. Aliandika kwamba Hope atapata Kipaimara Jumapili ya Pentekoste na amemchagua baba yake mkubwa awe msimamizi wake. Njoo, kaka, aliandika, na kama nilikukosea nisamehe.

Hakunikosea chochote. Aliyekosa nilikuwa mimi, na aliyeleta sale akawa yeye. Na sale halikataliwi, Mama, sina haja ya kukufundisha wewe. Hata aliyeuliwa ndugu yake, akiletewa sale, hukaa chini akasikiliza.

Sikulikataa kwa mdomo. Nililiweka juu ya friji nikasema nitampigia kesho. Raheli aliniuliza mara mbili. Mara ya tatu akanikumbusha kwamba ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Yeye alishachoka kulima. Nikamwambia asiingilie. Nilitaka Adam aumie kwanza kidogo, ajue kwamba kaka ni kaka. Na ulikuwepo wivu pia. Yeye ndiye kitindamimba, kihamba chenye kaburi la baba ni chake kwa mila, na mimi siku ile ya Uhuru nilifurahi kuona sheria ya nchi inaweza kumpokonya. Uzalendo wangu wote pale kwenye kipaza sauti, ukiufunua, ndani yake utakuta hilo. Siku zikapita. Ulipopiga simu baada ya Pentekoste ukauliza kama nilikwenda kumsimamia mtoto, nilikuambia mpaka umefungwa. Ukaniamini. Mwezi mmoja baadaye ukafungwa kweli, na uwongo wangu ukaonekana ukweli hata kwangu mwenyewe. Jani lilikaukia pale juu ya friji. Raheli ndiye aliyeliondoa.

Alhamisi hii watu wa magharibi wamefungua tena mpaka. Nilimpigia Theresia asubuhi ileile nikamwambia nakata tiketi nije kaburini. Akaniambia kwa upole jambo ambalo Adam alimkataza kunieleza. Jumamosi, mkesha wa Pentekoste, Adam na Hope walikwenda kunipokea uwanja wa ndege. Sikuwa nimejibu, lakini Adam alisema mtu aliyeletewa sale hana haja ya kujibu, anakuja tu. Walisubiri ndege tatu za kutoka Sydney. Hope alikuwa ameshika karatasi yenye jina langu, amelichora kwa rangi. Ile ya tatu ilipomaliza kushusha abiria, Adam bado aliendelea kusimama, akasema labda nimecheleweshwa na mzigo. Mtoto ndiye aliyemshika mkono akamwambia, "Let's go home, Dad," twende nyumbani, Baba. Kesho yake kanisani waliona aibu kumpeleka bila msimamizi, wakamwita kutoka kwenye viti mama mmoja Mrundi, Bibiane, ambaye hawakuwa wamezoeana naye, naye ndiye aliyemwekea Hope mkono begani mbele ya askofu.

Alipomaliza kunieleza hayo, Theresia aliniomba nisije. Alisema Hope hataki kuniona, na yeye hatamlazimisha. Hakunitukana. Aliniita shemeji mpaka mwisho. Nilibaki nimeshika simu, nimekwisha kujaza na tarehe ya kusafiri.

Kwa hiyo jibu la swali lako, Mama, ni kwamba hatukupatana. Adam alifanya kila linalompasa mtu kufanya, na mimi sikufanya hata moja. Tarehe 19 ukisimama mbele ya ukoo usiseme ni mpaka, wala usiwalaani tena watu wa Perth. Waambie mwanao mdogo alileta sale na mkubwa akaliacha likauke. Wakitaka nisitajwe kwenye misa, usinitetee. Kihamba kiandikwe kwa namna yoyote mtakayoona inafaa, lakini kisiandikwe kwangu, na kama iko njia ya Hope kuonyeshwa siku moja alikolala babu yake, mwonyesheni. Mimi sitasimama mlangoni.

Sikuombi unisamehe. Ningekuwa na cha kukutumia kwa ajili hiyo ningekutumia, lakini kile cha kwetu cha kuombea msamaha nimekwisha kukinajisi, na kingine sikijui. Naenda kazini, narudi, nakula anachopika Raheli. Nikiingia kanisani nakaa nyuma. Hayo ndiyo maisha yangu, na sioni yatakavyobadilika.

Nisalimie shangazi na wote wa nyumba ya juu, na padre ukimwona. Raheli anakusalimu sana; yeye hana kosa katika haya, usimhesabu pamoja nami. Dawa ya presha usiache kumeza, hata ukinikasirikia, na asubuhi usitoke kwenye baridi bila ile sweta aliyokutumia Adam. Mungu akulinde, Mama.

Ni mimi, mtoto uliyebaki naye,

Fidelis