Nimenyang'anywa Sufuria ya Tambi, Sasa Naombwa Nipike kwa Siri

Mpendwa mshauri, shikamoo, na kama nimekuzidi umri basi iitikie tu kwa heshima ya kazi yako. Naomba msaada wako upesi kwa sababu mfungo unayoyoma, mwezi utaandama tupende tusipende, na mimi kuna mtu nimemwahidi jibu na jibu lenyewe sina.

Mimi ni mpishi wa shughuli. Sikufundishwa na mtu, nilianza na jiko moja la mkaa nyuma ya nyumba ya kupanga, leo nina jiko langu la biashara, wasaidizi wanne na gari la kusambazia chakula, na wenye harusi hunipigia mimi kabla hawajampigia shehe. Nayasema haya si kwa kujisifu, ni ili ujue anayekuandikia si mtu wa kubahatisha, ukinitajia idadi ya wageni nitakwambia hapo hapo maziwa lita ngapi, tambi pakiti ngapi na sukari kiasi gani, na sitabakisha wala sitapungukiwa.

Sasa kwa wakwe zangu asubuhi ya Idi lazima kuwe na tambi za maziwa. Watu wakitoka kuswali wanamiminika kwa mama mkwe, na kabla hawajatia kitu kingine mdomoni kila mmoja anapewa bakuli lake, tambi zilizokaangwa kwa samli, maziwa, iliki, lozi, zabibu na tende. Zinapikwa kwenye sufuria moja kubwa ya mama mkwe, na anayekabidhiwa sufuria hiyo ndiye mkubwa wa jiko la ukoo, hakuna aliyeitangaza sheria hiyo lakini hakuna asiyeijua. Nilipoolewa na mtoto wake wa kwanza nikakabidhiwa mimi.

Miaka ya mwanzo tulipikia kule kule kwake, na mshauri, ile haikuwa kazi, ilikuwa vurugu. Mkesha wa Idi wanawake wote wamejazana jikoni, huyu anamenya lozi, huyu anatoa kokwa za tende, mama mkwe kakaa kwenye kigoda anavunja tambi kwa mkono taratibu kama anahesabu dhambi za majirani, na midomo haipumziki, na lozi wanazomenya jioni nzima, mimi ukinipa maji ya moto ya kuzilowekea nazimaliza kabla hujakaa. Kwa hiyo biashara iliposimama nikaamua kumpunguzia mzigo. Nikamwambia, "Mama, wewe umechoka, pumzika, nitaleta kila kitu tayari." Basi nikawa napikia kwangu, nafunga kwenye vyombo vyenye mifuniko, gari linafika kwake kabla watu hawajatoka kuswali, tambi za moto, tamu, hakuna anayekosa, na jikoni kwake hata kijiko hakichafuki. Sufuria yake nikaisugua ikang'aa, nikaipandisha juu ya kabati.

Shukrani niliyopata ni hii. Idi iliyopita dereva anashusha vyombo, mama mkwe kasimama mlangoni, akaniuliza mbele ya wageni, "Umeniletea chakula au umeniletea mzigo?" Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, lakini ilinichoma.

Mwaka huu tumealikwa kufuturu kwake, hata tende hazijashuka vizuri, akasema, "Idi hii tambi zitapikwa hapa hapa. Atapika Bibi Harusi." Huyo Bibi Harusi ni mke wa shemeji yangu mdogo, jina limemganda tangu siku ya harusi yake ingawa sasa ana mtoto anayekimbia. Ni binti wa benki, msafi, mwenye adabu, sina neno naye, lakini jikoni ni mgeni wa kudumu. Nisichokiweza mimi na yeye anakiweza ni kwenda kwa mama mkwe kila Jumamosi kukaa uani wakipiga soga na kumchimba habari za zamani, na mimi Jumamosi ndiyo siku ya shughuli, nitaiacha harusi ya watu nikasikilize hadithi?

Nikauliza, "Mama, nimekosea nini?"

Akajibu bila kunitazama, "Nani kasema umekosea? Umechoka, mwanangu. Pumzika."

Wifi yangu, ambaye mdomo wake hauna breki, akadakia, "Pokea likizo, dada, wenzio wanaililia." Mume wangu akaendelea kunywa uji kama vile mambo yale yanatokea nyumba ya jirani. Njiani nikamuuliza kwa nini hakunitetea, akasema, "Hizo si ni tambi tu?" Tambi tu. Paa la nyumba anayolala limeezekwa kwa hizo hizo tambi tu.

Ningemeza, mshauri, wallahi ningemeza. Lakini juzi Bibi Harusi kaja kazini kwangu na sare yake ya benki, kaniingiza stoo ya mchele, kafunga mlango.

"Dada, nisitiri."

"Nikusitiri na nini?"

"Nimejaribu kupika mara tatu. Za kwanza ziliungua. Za pili ziliganda zikawa bonge la kukata kwa kisu. Za tatu baba mtoto kasema ni nzuri, lakini nilimwona anampa paka."

"Paka alikula?"

"Alinusa."

Anachotaka ni kwamba alfajiri ya Idi nipike kwangu, yeye aje mlango wa nyuma, azichukue, akazimimine kwenye sufuria ya mama kabla mtu hajaamka, na aseme kapika yeye. Nikamwambia nitakujibu, na tangu hapo sipati raha. Nikikataa ataumbuka mbele ya ukoo mzima, na sikufichi, kuna sehemu yangu inayotaka kukaa mbele na kutazama. Nikikubali nimejizika mwenyewe, watu watalamba bakuli na kusema kumbe Bibi Harusi anamzidi yule mpishi. Nimejikuta nawaza nikubali halafu niongeze chumvi, kidogo tu, nikaomba msamaha kwa Mungu hapo hapo. Nimewaza pia nizipike vizuri kisha nitoboe siri zikiwa bado midomoni mwao. Nakaa, nainuka, jana nimeunguza vitunguu, mimi, vitunguu. Niambie, nipike au nisipike?

Mpishi Asiyechoka

JIBU LA MSHAURI

Mpishi Asiyechoka, marahaba, umri unaruhusu.

Pole. Kuvuliwa cheo mbele ya watu kunauma, na wifi yako alikitonesha kidonda kikiwa bado kibichi. Mumeo naye anastahili barua yake peke yake, siku nikipata nafasi.

Sasa tuje kwako. Chumvi, hapana. Kutoboa siri watu wakiwa wanakula, hapana: utamvunja binti aliyekuja kukulilia kwa heshima, na watoto wa nyumba ile wataikumbuka Idi hiyo kwa jina lako. Kupika kwa siri pia hapana. Idi hii ina nyingine nyuma yake, utapitisha vyombo mlango wa nyuma mpaka lini? Na huyo mama mkwe, anayepika tambi tangu wewe hujui kushika kijiko, unadhani hatautambua mkono wako?

Barua yako nimeirudia, nikitafuta mahali ambapo mama huyo amezilaumu tambi zako. Hapapo. Alilaumu vyombo vya kufungia. Na lile "umechoka, pumzika" lililokukosesha raha, bibi, ni lako mwenyewe. Wewe ulimwambia kwanza, yeye amekurudishia kama alivyolipokea, hata halijapoa.

Wewe uliona vurugu jikoni. Mwenzio ile ndiyo ilikuwa Idi yake. Ulikuja na gari lako na mifuniko yako, ukamwinua kwenye kigoda ukamkalisha sebuleni, na hilo ukaliita msaada. Najua nia ilikuwa njema. Lakini mtu mzima ambaye mikono yake bado ina kazi, ukimwambia apumzike, umemwonyesha mlango kwa adabu. Hakumchagua Bibi Harusi kwa sababu anajua kupika. Kamchagua kwa sababu hajui. Asiyejua hawezi kuleta chakula kilichofungwa. Itambidi aingie jikoni kwa mama, avute kigoda, aulize, na mkesha wa Idi taa ya jikoni iwake tena.

Usiniambie shughuli ndizo zinazokulisha. Zinakulisha, na jasho lako nalivulia kofia. Ila mama mkwe si mteja, acha kumpelekea oda.

Fanya hivi. Mkesha wa Idi jiko lako waachie wasaidizi, nenda kwa mama mkwe mapema, bila gari na bila vyombo. Ukipewa lozi, menya kama wanavyomenya wao, na hayo maji yako ya moto yaache kwako. Bibi Harusi ndiye atakayekaanga, kwa mkono wake. Wewe kaa karibu, umwambie aepue tambi zikianza tu kubadili rangi, kwa kuwa sufuria ya moto huendelea kukaanga hata ukiitoa jikoni. Lile bonge lake nalijua: anapika mpaka tambi zimekunywa maziwa yote. Aziepue zikiwa bado nyepesi, maana zitaendelea kunywa wakati zinasubiri watu watoke kuswali, na maziwa mengine ya moto yakae pembeni ya kuongezea. Unayajua haya kuliko mimi. Hukuwahi kumwambia kwa sababu ulikuwa unangoja aanguke.

Mama mkwe akikukosoa, nyamaza. Akikukosoa mara ya pili, cheka. Wifi yako akirusha neno, mpe tende atoe kokwa. Na watu wakisifia bakuli, usitafute jina lako katika sifa hizo. Siwezi kukuahidi kwamba sufuria itarudi mikononi mwako. Huenda isirudi. Lakini jikoni kule kuna nafasi yako, na hakuna aliyekuzibia mlango isipokuwa kazi zako za Jumamosi.

Binti bado anasubiri, na kila siku unayomweka kuna pakiti nyingine inaungua. Ukiweka gazeti hili chini, mpigie. Mwambie humpikii, lakini mkesha mtakuwa wote, na kabla ya hapo aje kwako siku moja umwonyeshe kukaanga. Ukimaliza, mpigie mama mkwe. Usimwambie saa utakayofika. Muulize anataka uje saa ngapi, kisha umwache azungumze mpaka amalize mwenyewe.