Shangazi Kocha na Timu Aliyoifunika kwa Kitambaa

Mwaka umetimia, Shangazi, tangu asubuhi ile filimbi yako ilipobaki msumarini na wewe hukuamka kuichukua. Familia ilikaa, ikaulizana nani akuandikie, na kura zote zikaniangukia mimi. Si ajabu. Katika ukoo huu hakuna anayetunza siri kama mimi. Ukinipa neno, limezikwa. Wewe mwenyewe, usiyemwamini mtu yeyote, uliniamini mimi.

Haya, hukuniamini. Uliniita Redio, na nikiingia tu chumbani ulikuwa unafunga daftari, hata kama unachoandika ni orodha ya sabuni. Lakini leo ni siku yako, tusibishane.

Ulianza ukiwa mpiga chapa kwenye masjala ya chuo. Wasichana saba walikuja kuomba barua ya kuutumia uwanja wakati wavulana wakiwa mapumzikoni. Ukawapigia barua, ukaisoma tena, ukaguna: "Na nani atawafundisha?" Ukavua viatu vya ofisini, ukatoka nao. Jezi za kwanza zilikuwa za wavulana, ziliwafika magotini, na msichana akikimbia ungesema ametoroka kitandani na gauni la kulalia. Miaka ishirini na mitatu baadaye kombe la vyuo lilikuwa limekaa kwenye kabati la chuo mara nne. Wasichana wako leo ni wauguzi, walimu, yuko hakimu, na yuko fundi umeme ambaye akipanda ngazi bado anapiga kelele "mpira wangu!"

Jezi uliwafulia mwenyewe, ukazianika uani kwetu. Msichana akiwa hajisikii vizuri ulijua kwa kumtazama anavyofunga kamba za viatu, nawe ulimwambia, "Leo wewe utanishikia saa," ili asilazimike kujieleza mbele ya wenzake. Yule aliyefeli mtihani ulimpeleka kwa mwalimu wake, ukakaa nje ya mlango saa mbili nzima mpaka akapewa nafasi ya kurudia.

Lakini tuseme kweli. Ulishuku kila chenye pumzi. Wachezaji walikupachika jina la Kocha Nani-Kakuambia, na ulilistahili. Mtu akikusalimia, "Habari za mazoezi, Kocha?" unamjibu, "Nani kakuambia tuna mazoezi?" huku filimbi iko shingoni na mipira sita iko kwenye wavu mgongoni. Maji ya timu uliyanusa kwanza. Mshika kibendera ulimuuliza kama hana shemeji kwenye chuo pinzani. Fundi bomba aliyekuja kutengeneza bomba la uwanjani ulimfuata unyounyo mpaka akachoka.

"Mama, unataka nikufundishe kazi?"

"Nataka kujua kwa nini fundi bomba anatazama kona zetu."

Siku moja kabla ya kila mechi ulikuwa unaipanga timu jikoni, juu ya lile sinia kubwa, kwa vizibo vya soda. Kila kizibo kina namba ya jezi iliyoandikwa kwa rangi ya kucha. Ulivisogeza, ukavirudisha, ukavisemesha: "Wewe usipande sana. Wewe nakuona." Ukimaliza unafunika kwa kitambaa cheupe, unaweka punje moja ya mchele kwenye mkunjo, unatoka kama mtu asiye na neno. Punje ikianguka, kuna mtu amechungulia. Mtego huo hukuwahi kutuambia. Tumeujua mwaka huu, Baba alipofungua sanduku la madaftari yako.

Basi hapo ndipo mambo yalipoanza.

Fainali ya miaka sita iliyopita tunaikumbuka wote. Winga wako mdogo, Sindano, alikuwa amecheza kulia misimu mitatu. Siku ile ulimhamishia kushoto, na hata yeye mwenyewe ulimwambia wakati anavaa viatu. Filimbi ikalia. Mabeki wawili wa wapinzani wakaenda kushoto moja kwa moja, kama watu waliopewa mwaliko. Mkafungwa tatu bila. Ulibaki umesimama kwenye mstari, huangalii mpira tena, unaangalia benchi lako, mtu mmoja mmoja.

Jumatatu yake ukamwambia Msaidizi wako, dada aliyekuwa nawe miaka tisa, aliyekuwa akiingia jikoni kwetu bila hodi: "Kuanzia leo koni nitabeba mwenyewe." Yeye akasema, "Sawa, Kocha," akaziweka chini, akaondoka. Tukakuuliza mmegombana nini. Ukatuambia, "Nani kawaambia tumegombana?" Ikawa imeisha.

Mwezi uliopita Baba akasoma kwa sauti, kutoka daftari la msimu ule: "Nimerudi kutoka fainali, nimekuta punje imeanguka. Aliyeingia jikoni jana ni Msaidizi peke yake. Alipita kwenda uani kufuata jezi."

Kisha kila mmoja akaanza kuunganisha. Kwenye msiba wako alisimama nje ya geti, hakuingia. "Dhamiri hiyo," akasema Baba. Hakulia mbele ya watu. "Mnaona?" akasema Mama. Mwaka mzima amekuwa akimletea Bibi dawa ya magoti kila mwisho wa mwezi. Baba akaifungua chupa akainusa, akampa Mama naye anuse. Kweli wewe uliondoka, Shangazi, lakini pua yako umetuachia.

Na mimi nikasema, "Mimi siku zote nilikuwa nahisi kitu."

Hili lingeishia sebuleni kama si chuo kutafuta kocha. Mwaka mzima timu yako imeshikwa na mwalimu wa hesabu ambaye anaogopa mpira. Msaidizi ameomba kazi. Mkuu wa chuo alimpigia simu Baba: "Sisi tunamtaka, lakini timu ile aliijenga dada yako. Familia mkiwa na neno juu yake, tutamwacha." Baba akamjibu kwamba neno letu atalikuta kwenye kumbukumbu hii, itakayobandikwa kwenye ubao wa matangazo asubuhi ya siku ya uteuzi. Halafu akaniagiza niweke sentensi moja, isiyotaja jina lakini kila msomaji amjue anayesemwa.

Niliiweka. Niliandika: "Hatuwasahau pia waliokula nawe sahani moja, kisha wakakuuza."

Jumapili familia ilikusanyika niisome. Bibi, mama yako, hakutuambia kwamba amemwita Msaidizi. Tulimkuta amekaa kwenye kiti cha karibu na mlango, mkoba magotini. "Kama tunamsema, asikie," alisema Bibi. Nikasoma. Masjala, jezi, fundi bomba, watu wakacheka. Sinia, punje, Sindano, wakaacha kucheka. Nikafika kwenye sentensi yangu, nikaisoma haraka nikiwa nimeinamia karatasi.

Msaidizi akauliza, "Ndiyo mwisho?"

"Dada, hakuna aliyetajwa jina," Baba akasema.

"Hamjanitaja, kaka. Ila kila atakayesimama kwenye ule ubao atageuka anitafute." Akainuka, akamgeukia Bibi. "Mama, kazi naiacha, wampe mwingine. Miaka sita sikujua nimekosa nini, leo angalau nimejua. Ila sikufunua kitu mimi. Nilitoa jezi kwenye kamba, nikaenda zangu."

"Keti kwanza," Bibi akamwambia. Kisha akanigeukia mimi. "Wewe, rudia hapo kwenye punje. Kitambaa gani hicho?"

"Kitambaa cheupe, Bibi. Cha kufunikia sinia."

"Sinia letu? Lile kubwa la jikoni?"

"Ndiyo."

"Na ilikuwa siku moja kabla ya kufungwa yale matatu?"

Nikasema ndiyo, nikaanza kuikunja karatasi.

"Siku hiyo nilikaa kwenye mlango wa uani namenya viazi," Bibi akasema. "Huyu binti alikuwa ameshaondoka na jezi zake, tena aliniaga. Wewe ukaja kutoka shule, begi bado mgongoni. Ukafunua. Ukainama hapo kama mtu anayetafuta mnofu. Nami nikakuambia nini?"

"Bibi, ni siku nyingi..."

"Nilikuambia nini?"

"Uliniambia niache kudokoa."

Miaka sita, Shangazi. Bibi alidhani chini ya kitambaa kulikuwa na chakula. Wewe hukumwambia mtu habari za punje, kwa hiyo yeye hakuwa na sababu ya kunisema, na mimi nilikuwa na kila sababu ya kunyamaza.

Baba akavua miwani. "Redio. Ulimwambia nani?"

Nilikuwa na majibu matatu tayari, yote mazuri. Lakini Msaidizi alikuwa ananitazama, na hakuwa na hasira, alikuwa anasubiri tu, kama mchezaji anayengoja kuambiwa aingie au abaki nje. Nikasema. Nilimwambia mwenzangu mmoja wa darasani, jioni ile ile, njiani, kwamba Sindano anahamia kushoto, ili nionekane mtu wa ndani. Nilijua dada yake anachezea wapinzani. Nilijua. Nilidhani tu kwamba wasichana hawawezi kuamini maneno ya mtoto wa kidato cha kwanza.

Kwa miaka mitano baada ya hapo ulikuwa unakwenda uwanjani peke yako, koni kwenye mkono mmoja, wavu wa mipira kwenye mwingine, na filimbi umeing'ata kwa sababu hukuwa na mkono wa tatu. Nilikuona kutoka dirishani karibu kila jioni. Mara mbili nilitoka nije nikuambie. Mara zote mbili nilikusaidia kubeba mipira, ukaniambia asante, nikarudi.

Bibi hakuichana karatasi yangu. Alisema ibaki kama ilivyo, majivuno na yote, ila ile sentensi ife, na niongeze yaliyotokea, nisipunguze. Sasa amekaa kando yangu na miwani ya Baba. Nilipofika kwenye habari za sinia nilikuwa nimeandika kwamba "mtu fulani wa nyumbani alichungulia." Akaweka kidole kwenye mstari.

"Mtu fulani nani?"

Nikafuta, nikaandika upya.

Kwa mkuu wa chuo: uliuliza kama familia ina neno. Tunalo. Mpe timu. Mtu wa kushukiwa alikuwa anaishi nyumbani kwa kocha.

Wanaokukumbuka kwa upendo ni mama yako. Msaidizi wako, ambaye Bibi ameamuru aandikwe hapa, mbele ya ndugu wa damu. Kaka yako na mkewe, wanaomwomba huyo dada radhi. Sindano na wachezaji wako wote wa misimu ishirini na mitatu. Na mimi, mtoto wa kaka yako, niliyefunua kitambaa, nikasema nje, nikanyamaza nyumbani.

Hututoki moyoni, Shangazi, leo na siku zote.