Giaboksi Imetoka, Mwangi

Mwangi, rafiki yangu,

Giaboksi imetoka. Nimeanza na hilo kwa sababu nakujua, ungenikatiza salamu uniulize. Imetoka, imetengenezwa, imerudi mahali pake, na leo asubuhi gari limeondoka Mokowe kwa magurudumu yake lenyewe. Sasa niko uani kwako, nimekalia lile tairi la lori, na hakuna wa kumweleza. Watu wa gatini waliniuliza kama limekwenda, nikawaambia limekwenda, wakaridhika. Wewe ndiye ungetaka kujua ile bolti ya juu, upande wa dereva, ilitokaje.

Tangu tulipokuzika sijasema nawe. Nilikuwa sijui nianzie wapi. Unajua kwamba mimi mtu wa Amu, kisiwa mnachokiita Lamu, nilikuwa sijawahi kupita Malindi, kisha safari yangu ya kwanza ya bara ikawa kukufuata wewe hadi Kinangop. Baridi ile, Mwangi. Ulikuwa ukinieleza nikidhani unatia chumvi. Nilisimama kando ya kaburi na kofia yangu, nimevaa koti la shemeji yako, mikono yake imenipita vidole. Walipoimba sikujua maneno. Walipofumba macho kuomba nikafungua viganja vyangu, kama tuombavyo sisi, na kaka yako mkubwa akaviona. Alisogea tu, bega lake likagusa langu, tukabaki hivyo mpaka udongo ukaisha.

Nikarudi Amu, nikashika mashine zangu za boti. Kazi zipo, alhamdulillahi. Lakini ikifika alasiri miguu hunipeleka gatini yenyewe. Miaka yote hiyo nilikuwa nikivuka kuja Mokowe kwa sababu yako, na sikuwahi kujiuliza kwa nini, mpaka siku nilipojikuta ndani ya boti, maji yanapiga ubavuni, nikakumbuka kwamba ng'ambo hakuna mtu anayeningoja. Nikavuka vivyo hivyo. Nikaja kukaa hapa nikaliangalia gari.

Lilikuwa limelala chini ya turubai kama tulivyoliacha. Milango miwili, tumbo karibu liguse mchanga, wekundu wake umeliwa na chumvi. Nilikumbuka siku yule mwenye nyumba wa Shela kisiwani, aliyekuwa akiliegesha hapa Mokowe, alipokuambia ulichukue, kwa kuwa injini yake ilikuwa imekufa na yeye harudi tena. Wewe ukaenda Witu ukarudi na injini ya gari la kubebea mikate, na Mokowe nzima ikacheka. Injini ile na giaboksi ile hazikuwa ndugu. Mashimo hayakulingana hata moja, ikabidi nikae na bamba la chuma, tupa na drili, nichonge kiungo cha kuzishikanisha, nawe kila saa unachungulia begani kwangu. "Fundi, hiyo kitu itashika?" Nami nakwambia ngoja, ndia ya kufikia huko ni moja tu, subira. Unacheka hiyo "ndia", njia kwa Kiamu chetu, mpaka unakaa chini. Kwenu, ulisema, ndia ni mtu anayeitikia ndiyo vibaya.

Ilishika. Tulikwenda nalo hadi mji wa Hindi na kurudi, wewe ukiendesha, mimi nimeushikilia mlango wangu kwa mkono kwa sababu haukuwa ukifungika. Sikuwahi kukwambia, lakini nilikuwa nikisoma dua kimoyomoyo, na wakati huohuo sikutaka ufike mwisho wa barabara.

Kisha giaboksi ikaanza kulia. Tulikubaliana tutaishusha Ramadhani ikiisha, maana hukutaka nilale chini ya gari na kiu. Ramadhani haikuisha na wewe. Siku ile pumzi ilipokubana, nilikuwa nawe kwenye boti ya kukupeleka hospitali Amu. Wewe uliyekuwa ukiogopa maji hata ya ufukweni, ulinishika kifundo cha mkono tangu tulipong'oa nanga hadi tulipofika. Katikati ya maji ukaniambia, "Shee, ile giaboksi usiifungue peke yako. Itakuumiza." Nikakujibu kwamba nitakungoja. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yetu ya mwisho, giaboksi. Watu huachiana wosia na radhi. Sisi tuliachiana hayo, na mimi sasa sioni kama yalikuwa madogo.

Ningekungoja, Mwangi. Ningeliacha gari pale mpaka limezwe na mchanga. Lakini mkeo aliamua kurudi Kinangop. Chai yake pale gatini bado ilikuwa ikiuzika, si shida ya riziki. Aliniambia hawezi tena kuamka asubuhi akautazama huu ua. Kulikuwa na mtu wa kununua vyuma chakavu, alikwisha kuja akalizunguka gari, akaligonga gonga kwa kidole, akasema atalikata hapahapa alipakie kwenye lori. Mama Nyambura akaniita. Alikuwa akikanda unga, hakuinua kichwa.

"Bwana Shee," akasema, "kama hii gari inaweza kutoka hapa yenyewe, Nyambura ataiendesha tukienda. Kama haiwezi, huyo wa vyuma achukue. Siwezi kuivuta, na siwezi kuiacha."

Ndipo nilipovunja agizo lako. Nilianza mwenyewe asubuhi, jua halijapanda.

Nililiinua kwenye stendi, nikatoa betri, nikamwaga mafuta ya giaboksi. Yalitoka yamejaa vumbi la chuma, yanameta, nikajua tumechelewa. Nikafungua mkono wa gia kutoka ndani, nikatoa shafti ya nyuma, nyaya, stata. Bomba la moshi lilinisumbua, unajua lilivyokuwa. Hayo yote ni kazi ya mtu mmoja. Lakini kila mara nilikuwa nikinyoosha mkono nje ya gari kuomba spana, na mkono unabaki vile, wazi, juani. Mara ya kwanza niliurudisha haraka, kana kwamba kuna mtu ameniona. Baadaye nikazoea kutoka mwenyewe, kutafuta, kuingia tena. Kazi ya nusu saa ikala asubuhi nzima.

Ile bolti ya juu sasa. Unakumbuka injini ya mikate ilivyokaa nyuma sana, imebanana na ukuta wa gari, hata spana haizunguki? Zamani wewe ulikuwa chini na mimi juu, mkono wangu mwembamba unapita kwenye tundu la mkono wa gia. Nilipita hapohapo. Niliunganisha vipande vya soketi mpaka vikawa virefu kama mwiko wa pilau, nikaishika bila kuiona, kwa kupapasa tu. Haikutaka. Nikaikasirikia, nikaitukana, na mimi si mtu wa kutukana. Kisha nikakumbuka wewe ulivyokuwa ukisema na bolti kama mtu anayebembeleza mtoto ale. "Toka polepole, mama. Hakuna mtu anakufukuza." Nikasema hivyo kwa sauti, kwa lafudhi yako. Ikalia kidogo ikaachia. Nilibaki na soketi mkononi nikalia na mimi.

Kosa lilikuja baadaye. Jeki moja ilikuwa imeshikilia injini. Ya pili imevuja, haisimami tena. Zamani giaboksi ilikuwa ikishukia kifua chako, nawe unacheka chini yake kama mtu anayekalisha mjukuu. Nikasema nitaipokea mimi. Nilitoa boriti ya kuishikilia, nikaivuta nyuma, ikaja kidogo, ikainama, ikakwama. Ile shafti yake bado imeng'ang'ania ndani ya klachi, na uzito wake wote uko kifuani kwangu. Siwezi kuirudisha juu. Siwezi kuiteremsha. Nikiipinda, shafti inavunjika na kazi imekwisha. Nikiiachia, inaniangukia mbavuni.

Nikaita. Nani wa kumwita? Niliita jina lako, Mwangi. Lilitoka lenyewe.

Mkeo ndiye aliyesikia. Alikuwa akiniletea chai. Niliona miguu yake ikisimama, nikasikia sinia likiwekwa chini, kisha nikaona magoti, kisha uso wake ukiwa ubavu ubavu kwenye mchanga. Unajua jinsi mama huyu alivyolichukia hili gari. Alikuwa akiliita mke mwenza. Nilidhani ataniambia niliache, nitoke, na liwalo na liwe. Alijifunga leso kichwani, akaingia chini kwa mgongo mpaka bega lake likawa karibu na langu, ameweka haya kando.

"Niambie nishike wapi," akasema.

Nikamwonyesha. Akaweka viganja vyote viwili, vya kukandia unga, akainua. Mwangi, ana nguvu yule. Nikamwambia ailete sawasawa na injini, isiiname, isipinde, na mimi nikaitikisa kidogo kidogo kwa nyuma. Ikatoka. Ikateleza ikatukalia wote wawili mapajani kama mtoto mkubwa aliyechoka kutembea, tukaiteremsha kwenye gunia.

Hatukutoka mara moja. Tulilala pale chini, mafuta yanatudondokea, tunatazama lile tundu lililobaki na klachi yake nyeusi. Ndipo akaniambia alilokuwa hajanieleza. Kwamba si gari alilolichukia. Ni kwamba kila akisikia nyundo, hata ya jirani, tangu ulipofariki, mwili wake unasimama kabla akili haijamkumbusha, anafika hadi mlangoni na kikombe cha pili mkononi. "Nimechoka kumwaga hiyo chai," akasema. Nami nikamweleza habari za kuvuka kila alasiri. Siku zilizofuata lilikuja sinia na vikombe viwili, wangu na wake, na akakaa nami nikifanya kazi.

Beringi ya mbele ya shafti ndiyo iliyokuwa ikilia, kama ulivyosema. Sikupenda kukuona umepatia na hupo kujisifu. Sahani ya klachi nayo ilikuwa imebaki ganda. Vyote vikaja na basi kutoka Mombasa. Bamba langu halikuwa na ufa hata mmoja, nimelipangusa nikalitazama mbele na nyuma, ungefurahi.

Nyambura alipofika kutoka Nakuru shule zilipofungwa, tulikuwa watatu wa kuirudisha. Amerithi mabega yako, binti yule. Alilala mahali pako, giaboksi kifuani, mama yake amemulika taa, mimi juu kwenye tundu. Ikaingia mara ya kwanza, ikagota kwenye pini zake. Nyambura akacheka kicheko chako chini kule, na mama yake akazima taa ghafla kana kwamba ameungua. Kisha akaiwasha tena.

Wameondoka leo. Msafara wa polisi wa kusindikiza magari ulikuwa unangoja barabarani, kwa hivyo hapakuwa na nafasi ya kuagana sana, na nadhani sote tulishukuru. Mizigo mingine imetangulia na lori. Mama Nyambura alikaa upande ule niliokuwa nikikaa mimi, sufuria la chai mapajani. Mlango ukafunga, niliutengeneza. Akashusha kioo. Nilitaka kumwambia maneno mazuri, sikuyapata, nikamwambia tu mafuta ya giaboksi yabadilishwe mapema, haya ya mwanzo hubeba taka. Akanitazama. "Kuja uyabadilishe wewe," akasema. "Usimwachie mtu mwingine."

Nyambura akaingiza gia ya kwanza bila kelele. Nilisimama hapa uani nikisikiliza. Ya pili ikaingia walipopinda kwa polisi. Ya tatu kwenye barabara ya Hindi, laini, kama kukunja kanga. Nilingoja ya nne. Upepo ulikuwa unatoka baharini, ukaipeleka kwao, sikuisikia.

Sasa ua ni mtupu. Pale lilipokuwa kuna mchanga mkavu wenye madoa ya mafuta, na kuku wa jirani ameshaingia anaparura. Mwenye kiwanja atakuja kuchukua ufunguo. Kesho alasiri sijui nitafanya nini na miguu yangu. Nasema kweli, Mwangi, sijui. Kuna vijana wengi gatini, kuna jamaa zangu, baraza zimejaa watu wanaonipenda. Hakuna hata mmoja anayejua kwa nini nilichonga bamba lile kwa mwezi mzima kwa ajili ya gari lisiloweza hata kuvuka kuja kwetu.

Adhana ya alasiri imeanza, nami sijatawadha. Nikuage. Kwaheri, rafiki yangu, Mungu akuweke pahala pema, kwa lugha yoyote anayotaka kutusikiliza. Nakuahidi nitapanda basi kabla ya vuli, nitakuja Kinangop na koti langu mwenyewe, nibadilishe yale mafuta mbele ya nyumba yako. Kisha nitamwomba Nyambura anipeleke barabarani, na safari hii nitasikiliza mpaka ya nne iingie.

Mimi wako,
Shee